Watoto Wakiwa Peke Yao: Kipolandi na Vizazi Vyake Ugenini



Mada niliyopewa ni kupotea kwa lugha katika familia za wahamiaji. Nimeamua kuwazungumzia Wapolandi, na wale mliotarajia mfano wa jirani mniwie radhi. Wapolandi waliondoka kwao kwa mamilioni tangu karne ya 19. Walikwenda Marekani, Brazil, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, na safari moja, nitakayoifikia baadaye, ikawaleta mpaka hapa Tanganyika, kwenye kambi ya Tengeru. Watu ni wale wale, lugha ile ile, dini ile ile, lakini mazingira waliyoangukia yalitofautiana sana. Mtafiti wa lugha hapati bahati hiyo mara nyingi, maana anaweza kuuliza kwa nini kijiji fulani kilibaki na Kipolandi kwa vizazi vinne na mtaa fulani wa mjini ukakipoteza kwa viwili.

Sababu ya pili ya kuwachagua ni kwamba wazee wao waliitetea lugha hii kwa mateso. Poland ilifutwa kwenye ramani kwa awamu tatu, 1772, 1793 na 1795, ikagawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria, na haikurudi kuwa dola mpaka 1918. Mei 1901, katika mji mdogo wa Września uliokuwa chini ya Prussia, watoto wa shule waliambiwa kuwa hata somo la dini, ambalo lilikuwa bado la Kipolandi, sasa litafundishwa kwa Kijerumani. Kijerumani walikijua, kwa kuwa ndicho walichosomea masomo mengine. Lakini sala walikataa kuijibu kwa lugha hiyo, wakachapwa viboko. Wazazi waliokwenda shuleni kulalamika walishtakiwa na baadhi yao wakafungwa jela. Mwaka 1906 na 1907 mgomo wa namna hiyo ulienea Poland yote ya upande wa Prussia, ukawaingiza makumi ya maelfu ya watoto. Serikali yenye jeshi, mahakama na fimbo ilishindwa kuwanyang'anya watoto wa miaka kumi lugha yao.

Sasa twende Marekani mwaka 2000. Katika sensa ya mwaka huo watu karibu milioni 9 walijitaja kuwa na asili ya Poland. Waliosema wanazungumza Kipolandi nyumbani walikuwa takriban 667,000, na wengi wa hao walikuwa wamehamia wao wenyewe, si wajukuu wa wahamiaji wa zamani. Hakuna aliyewachapa viboko. Lugha ilitoka mikononi mwao katika nchi iliyowaruhusu kujenga makanisa, kufungua shule na kuchapisha magazeti ya Kipolandi kadiri walivyotaka.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wazazi waliacha kuwafundisha watoto. Sikubaliani nayo. Nimesoma habari za familia hizi kwa muda mrefu, na kila ninapofuatilia naona wazazi waliendelea kusema Kipolandi mpaka wanazikwa. Badiliko lilianzia kwingine. Lilianza pale watoto wa nyumba moja walipoanza kusemezana wao kwa wao kwa lugha ya nchi, wakiwa jikoni, kitandani usiku, njiani kwenda shule. Mzazi anaweza kuamua mtoto amjibu kwa lugha gani. Watoto wakiwa peke yao hakuna anayewaamulia, na lugha wanayoichagua hapo ndiyo watakayowalelea watoto wao. Hiyo ndiyo hoja yangu jioni hii, na nitaipima kwa mifano.

Nianze na nyumba mbili za watu maarufu. Joseph Conrad, ambaye wengi wenu mmemsoma darasani, au mmesoma hoja kali za Chinua Achebe dhidi yake, alizaliwa mwaka 1857 kwa jina la Korzeniowski. Baba yake, Apollo Korzeniowski, alikuwa mshairi na mfasiri wa Shakespeare na Victor Hugo. Serikali ya Urusi ilimpeleka uhamishoni Vologda pamoja na mke na mtoto kwa sababu ya siasa zake za kuipigania Poland. Conrad alikuja kuwa baharia, kisha mwandishi wa Kiingereza, akaoa Mwingereza na kutulia kusini mwa Uingereza. Wanawe wawili, Borys aliyezaliwa 1898 na John aliyezaliwa 1906, hawakukuzwa katika Kipolandi. Mshairi aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya taifa lake akapata wajukuu wasioweza kusoma ubeti wake mmoja. Conrad aliwapeleka Kraków kiangazi cha 1914, vita ikawakuta huko, wakakaa wiki kadhaa Zakopane milimani. Ziara kama hiyo humwonyesha mtoto nchi ya baba yake, lakini haimpi lugha.

Miaka hiyo hiyo, Paris, Maria Skłodowska, ambaye dunia inamjua kama Marie Curie, alikuwa analea mabinti wawili: Irène, aliyezaliwa 1897, na Ève, aliyezaliwa 1904. Mume wake alikuwa Mfaransa kama vile mke wa Conrad alivyokuwa Mwingereza. Mwaka ule ule Borys alipozaliwa, Marie na mumewe walitangaza elementi mpya wakaiita polonii, kwa heshima ya nchi ambayo wakati huo haikuwapo kwenye ramani. Mabinti zake walijifunza Kipolandi, kwa kuwa aliwaletea walezi kutoka Poland na kuwapeleka likizo kwa mama zao wakubwa na wajomba zao. Mama aliyekuwa maabara kutwa alitambua kuwa sauti yake peke yake haitoshi, akawatafutia wanawe watu wengine wa kuisema lugha hiyo.

Mchimba makaa wa Pennsylvania au mkata nyama wa machinjio ya Chicago hakuweza kuajiri mlezi kutoka Warsaw. Walichofanya ni kuchangishana na kujenga parokia. Kanisa la Mtakatifu Stanislaus Kostka, Chicago, lilianzishwa mwaka 1867, na kuelekea mwisho wa karne hiyo lilihesabiwa kuwa na waumini wapatao 40,000, moja ya parokia kubwa kabisa Marekani. Masista Wafelisia walifika jimbo la Wisconsin mwaka 1874 wakaanza kufundisha, wakafuatwa na mashirika mengine. Vyama vya kusaidiana vilitoa bima za mazishi kwa Kipolandi. Gazeti la *Dziennik Związkowy*, lililoanza 1908, linatoka mpaka leo. Mtu aliweza kubatizwa, kusoma, kuajiriwa, kuumwa, kushitakiana na jirani na kuzikwa bila kuhitaji Kiingereza zaidi ya maneno machache ya kiwandani.

Tunazijua nyumba hizo kwa karibu kwa sababu ya kitabu cha W. I. Thomas na Florian Znaniecki, *The Polish Peasant in Europe and America*, kilichotoka kati ya 1918 na 1920. Waandishi hao walikusanya barua za wakulima kwa mamia. Barua hizo zinaanza karibu zote kwa namna moja: Yesu Kristo anasifiwa, mwandishi anaeleza kuwa ni mzima na anawatakia wenzake uzima, kisha zinafuata salamu za ndugu mmoja mmoja kwa jina na kwa cheo chake katika ukoo. Habari yenyewe, fedha iliyotumwa au ng'ombe aliyeuzwa, inakuja chini kabisa. Sisi tuliokua tukiandikiana barua kabla ya simu za mkononi tunaufahamu utaratibu huo: salamu zilikula nusu ya karatasi, na kumruka shangazi mmoja ilikuwa kosa la kujibiwa. Znaniecki alielewa kwamba barua kama hiyo ilikuwa kazi ya kuushikilia ukoo. Sasa mfikirieni mtoto aliyezaliwa Chicago. Kipolandi anakisikia na kukisema, lakini orodha ile ya ndugu, nani aitwe nani na kwa heshima gani, ni ya watu asiowahi kuwaona. Baba akifariki, barua zinakoma. Uzi mmoja umekatika hata kabla ya mazungumzo ya nyumbani kubadilika.

Mambo mawili yaliibana shule ya parokia. La kwanza lilikuwa shinikizo la Vita Kuu ya Kwanza, pale kila lugha ngeni ilipotiliwa shaka na hata maaskofu wakaanza kudai Kiingereza darasani. La pili lilikuwa sheria ya uhamiaji ya 1924, iliyoipa Poland nafasi chini ya 6,000 kwa mwaka, na nadhani hili lilikuwa na uzito kuliko la kwanza. Kabla ya hapo kila darasa lilikuwa na mtoto mgeni aliyeshuka melini juzi, asiyejua Kiingereza, na wenzake walilazimika kucheza naye kwa Kipolandi. Baada ya 1924 mtoto huyo karibu hakuonekana tena. Uwanjani walibaki watoto waliozaliwa Marekani watupu, wote wakijua Kiingereza, na hawakuwa na sababu ya kucheza kwa lugha nyingine. Sista aliendelea kufundisha katekisimu kwa Kipolandi ndani ya darasa huku nje ya dirisha lugha ikiwa imeshahama.

Aliyezaliwa wa kwanza katika familia za miaka ya 1920 kwa kawaida alizungumza Kipolandi vizuri, kwa kuwa alikaa na wazazi tu kwa miaka kadhaa. Ndiye aliyeingiza Kiingereza nyumbani siku alipoanza shule. Wa pili alikipata Kiingereza kwa kaka yake. Wa mwisho alisemeshwa Kipolandi na mama na Kiingereza na wengine wote, akakua anaelewa kila kitu na kujibu nusu nusu. Ndani ya nyumba moja, kwa baba mmoja na mama mmoja, mlikuwa na vizazi vitatu vya lugha. Wazo lililozoeleka katika taaluma yetu, ambalo Joshua Fishman alilifanyia kazi tangu miaka ya 1960, ni kwamba lugha ya mhamiaji hufika mwisho katika kizazi cha tatu. Mimi naongeza kwamba kazi kubwa ya kuimaliza hufanyika ndani ya kizazi cha pili, kati ya kifungua mimba na kitinda mimba.

Baada ya 1945 vijana walirudi kutoka vitani, wakapata masomo na mikopo ya nyumba iliyotokana na sheria ya 1944 ya askari wa zamani, wakahamia vitongoji vipya ambako jirani alikuwa na asili ya Italia na wa pili Ireland. Tusiwalaumu. Walikuwa wamekua wakitaniwa kwa majina yao na kwa lafudhi za mama zao, na katika miaka ya 1960 na 1970 vichekesho vya kumfanya Mpolandi mjinga vilikuwa vinatangazwa kwenye televisheni ya taifa. Fedheha ya namna hiyo hufanya kazi ambayo fimbo ya Prussia haikuiweza, maana ukichapwa unakuwa na wenzako waliochapwa nawe, lakini ukichekwa unatamani tu kutofanana nao. Edmund Muskie, seneta wa Maine aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1980, alibeba jina ambalo baba yake, Marciszewski, alilifupisha baada ya kuhamia Marekani.

Nini kilibaki? Kilibaki kingi, na ningependa tukitazame kwa makini. Tuchukue mkesha wa Krismasi, Wigilia. Kabla ya kula, kila mtu hushika kipande cha opłatek, mkate mwembamba mweupe kama ule wa komunyo, wenye picha ya pango la Bethlehemu iliyochapwa juu yake. Unamwendea mmoja mmoja, unavunja kidogo kwenye kipande chake, naye anavunja kwenye chako, na kila mmoja anamtakia mwenziwe mema ya mwaka unaokuja. Hakuna maneno ya kukariri hapo. Unamtakia bibi miguu ipone, unamtakia shemeji apate kazi, na mliogombana mwaka mzima mnasameheana mkiwa mmesimama. Familia nyingi za Marekani zimeihifadhi desturi hii mpaka kizazi cha nne, na opłatek bado zinauzwa parokiani. Mjukuu anavunja mkate, anambusu bibi, anasema kifungu kimoja alichofundishwa, kisha ananyamaza, au anaendelea kwa Kiingereza ambacho bibi anakishika kidogo. Desturi imefika salama. Kilichokuwa kiini chake, yale maneno ya papo kwa papo kati ya watu wawili wanaojuana, ndicho kilichoanguka njiani.

Mwanahistoria Marcus Lee Hansen alisema mwaka 1938 kwamba mjukuu hutamani kukumbuka kile ambacho mtoto wa mhamiaji alitaka kukisahau. Ni kweli, na mjini Buffalo, Marekani, kila mwaka Jumatatu ya Pasaka watu kwa maelfu huvaa nyekundu na nyeupe wakasherehekea siku wanayoiita Dyngus. Naiheshimu furaha hiyo. Lakini kinachokumbukwa na kizazi cha tatu ni kile kinacholiwa, kinachovaliwa na kuchezwa. Sarufi yenye hali saba za nomino hairudi kwa kutamani.

Ufaransa mambo yalikwenda kasi zaidi. Baada ya makubaliano ya 1919 kati ya serikali mbili, Wapolandi walimiminika kwenye migodi ya kaskazini, na kufikia mwaka 1931 walikuwa wapatao nusu milioni nchini humo. Wengine walitoka moja kwa moja kwao, wengine walihamia kutoka migodi ya Ruhr, Ujerumani. Waliishi katika nyumba za kampuni, na katika baadhi ya shule kampuni zililipia walimu wa Kipolandi. Kwa kila hali lugha ilipaswa kudumu. Ila kiwanja cha mpira kilikuwa cha wote. Mwaka huo huo wa 1931 alizaliwa Nœux-les-Mines mtoto wa familia ya wahamiaji hao, Raymond Kopaszewski, aliyeshuka mgodini akiwa kijana mdogo na kupoteza sehemu ya kidole huko. Mwaka 1958 alitwaa tuzo ya Ballon d'Or kama Raymond Kopa wa Ufaransa. Wapenzi wa mpira mliomo humu mnalijua jina hilo fupi.

Linganisheni na Paraná, kusini mwa Brazil. Huko wakulima wa Kipolandi walifungua mashamba msituni kuanzia miaka ya 1870, kijiji kizima watu wa lugha moja, mji wa karibu ukiwa mwendo wa siku nzima kwa mkokoteni. Mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas iliamuru shule zote zifundishe kwa Kireno, na mamia ya shule za Kipolandi yakafungwa, kisha magazeti. Hilo lilikuwa pigo kali kuliko lolote lililowapata Wapolandi wa Chicago. Hata hivyo vijijini Kipolandi kiliendelea kuzungumzwa na wajukuu na vitukuu, hadi karne hii. Texas ni vivyo hivyo: Panna Maria, kijiji kilichoanzishwa Desemba 1854 na wahamiaji wa Silesia wakiongozwa na padri Leopold Moczygemba, kilibaki na lahaja yake kwa zaidi ya miaka mia moja bila msaada wa taasisi yoyote kubwa. Mtoto aliyetoka nje kutafuta mwenzake wa kucheza alimkuta anasema kama yeye. Barabara ya lami na basi la shule vilipofika, hali ikabadilika.

Na sasa Tengeru. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland kwenda Siberia na Kazakhstan. Makubaliano ya Julai 1941 kati ya Poland na Wasovieti yaliwafungulia mlango baadhi yao, wakatoka kupitia Uajemi mwaka 1942 pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders. Wanaume walikwenda vitani. Wanawake na watoto wapatao 18,000 walisambazwa katika makoloni ya Uingereza barani Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro hapa Tanganyika. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, chini ya Mlima Meru karibu na Ziwa Duluti, yenye watu wapatao 5,000 katika nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi. Makaburi yao yapo hadi leo, yanatunzwa.

Kwa mtaalamu wa lugha, Tengeru ni jambo la kustaajabisha. Watoto hao walikuwa wamepoteza nyumba, wengi wamepoteza wazazi, wametumia miaka kati ya Kirusi, Kiajemi na Kiingereza. Vitabu vya kiada vilikuwa haba. Lakini walikuwa maelfu mahali pamoja, wana shule zao, kanisa lao na skauti wao, na lugha ya uwanjani ilikuwa Kipolandi. Kikastawi. Kambi ilipofungwa miaka ya 1950 ilipoanza, walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1949 padri Łucjan Królikowski alikuwa ameshawachukua yatima wapatao 150 kutoka Tengeru hadi Kanada, jambo lililozusha ugomvi wa kidiplomasia na serikali ya Warsaw. Waliokuwa mayatima wakiongea Kipolandi chini ya Meru walikuja kuwa wazazi huko Montreal na Toronto. Lugha iliyovuka Siberia ilikutana na mtaa wenye watoto wa lugha nyingine.

Uingereza wale waliofika baada ya vita walianzisha shule za Jumamosi, na tangu 1953 zina chama chao, Polska Macierz Szkolna. Baada ya Poland kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 zilijaa tena. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilihesabu watu 612,000 ambao Kipolandi ndiyo lugha yao kuu, ya pili baada ya Kiingereza. Ni idadi ya kutia moyo, lakini inahesabu zaidi wale waliokuja wakiwa wakubwa. Walimu wa shule hizo nawastahi sana, wanaacha mapumziko yao kufundisha herufi kwa watoto wa wenzao. Ningewaomba jambo moja tu: wasitie juhudi yote kwenye imla na historia ya wafalme. Timu ya mpira, kwaya, kambi ya likizo kule Poland pamoja na binamu wa rika moja wasiojua Kiingereza, vina faida ambayo daftari haliwezi kuitoa.

Nimalizie kwa wanafunzi wa uzamili waliokaa safu za nyuma. Tangu 1980 Ofisi ya Sensa ya Marekani imekuwa ikiuliza kama mtu anazungumza lugha nyingine nyumbani, ni lugha gani, na Kiingereza anakijua kwa kiasi gani. Haiulizi ile lugha nyingine anaijua kwa kiasi gani, wala anaizungumza na nani. Kwa hiyo bibi anayesali peke yake chumbani na ndugu wanne wanaogombania chakula kwa Kipolandi wanahesabiwa sawasawa. Atakayeandika tasnifu juu ya familia za wahamiaji, wa taifa lolote lile, namwomba aweke kwenye hojaji yake swali ambalo sensa imeliacha: ndugu wa tumbo moja, wazazi wasipokuwepo, husemezana kwa lugha gani, na kila mmoja wao ana miaka mingapi. Akiwauliza watoto wenyewe, bila mzazi kuwajibia, nitafurahi kuwa msimamizi wake.